Kabla ya kununua kiwanja cha mlimani: kupima udongo, mteremko na njia za maji

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, ninaandika uzi huu kwa sababu ya nyumba ya dada yangu iliyoko chini ya safu ya Uluguru, mjini Morogoro, na kwa sababu kila mwaka ninaona watu wengine wakirudia yaleyale yaliyotupata sisi. Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, nimefanya kazi za misingi na mitaro kwa zaidi ya miaka 15, na bado sikuwapo siku kiwanja kile kiliponunuliwa.

Kilinunuliwa mwezi wa Agosti. Udongo ulikuwa mwekundu, mkavu, mgumu kiasi kwamba jembe lilikuwa likigonga na kurudi, na kila aliyefika pale alisema ardhi ni imara. Fundi aliyepewa kazi aliuchonga mlima upande wa juu, akautupa udongo ule upande wa chini ili apate uwanja wa kutosha, akausawazisha kwa koleo, kisha akajenga. Sebule na jiko vikakaa juu ya ardhi iliyochongwa. Vyumba viwili vya kulala vikakaa juu ya kifusi. Masika ya kwanza yalipita salama. Masika ya pili ufa ulianzia kwenye pembe ya dirisha ukapanda hadi kwenye lenta (mkanda wa zege ulio juu ya madirisha), mpana juu na mwembamba chini, na ufa wa namna hiyo huonyesha kwamba upande mmoja wa nyumba unazama na kuinamia bondeni huku mwingine umetulia. Shemeji alimlaumu fundi kwamba amepunja saruji. Tulipovunja kipande cha ukuta tuliona kwamba tofali na udongo wa saruji vilikuwa sawa kabisa; kilichokosewa kilikuwa chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege.

Anayekwenda kununua kiwanja cha mlimani aulize kwanza maji yanapita wapi, kisha aulize nyumba yake itayaongeza kwa kiasi gani. Ugumu wa udongo wa Agosti haumwambii lolote. Udongo husimama kwenye mteremko kwa sababu chembe zake zinakandamizana na kusuguana, na mfinyanzi ukiwamo huongeza mnato. Unyevu kidogo husaidia, kama anavyojua mtoto yeyote anayejenga kwa mchanga wa ufukweni: ukikauka kabisa unamwagika, ukiloa kidogo unashikana, ukijaa maji unatiririka. Mvua inapozidi, maji hujaa katika nafasi zilizo kati ya chembe na kuanza kuzisukuma, zisikandamizane tena kama zamani. Wakati huohuo udongo umekuwa mzito zaidi. Uzito unaovuta kuelekea bondeni umeongezeka na msuguano unaouzuia umepungua, na hapo ndipo mlima unapoachia.

Sisi wa Morogoro hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 23 Februari 1970, katika eneo la Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, ilinyesha mvua ya takribani milimita 100 kwa muda wa saa 3 hivi, na maporomoko zaidi ya elfu moja yakatokea. Mengi hayakuwa na kina kikubwa. Ni tabaka la juu tu lililochubuka na kuteleza. Watafiti waliokwenda baadaye waliona kwamba karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi, na machache mno yalianzia ndani ya msitu. Mizizi ya miti mikubwa inashona udongo wa juu na ule wa chini, kazi ambayo mahindi na migomba haiwezi kuifanya. Kwa hiyo mtu anapokuonyesha kiwanja kilichofyekwa vizuri mpaka juu ya kilima na kukuambia kwamba usafi huo ni faida kwako, ujue kwamba kilichoondolewa ndicho kilichokuwa kikikishikilia kiwanja chenyewe.

Ukifika kiwanjani, usianze na mipaka ambayo dalali anataka kukuonyesha. Panda juu kwanza, mita 100 au 200 kupita kiwanja chako, kwa sababu kitakachokuangukia hakimo ndani ya hati yako. Tafuta nyufa za ardhi zenye umbo la mwezi mchanga, zilizojipinda kuukumbatia mteremko. Tafuta mahali ambapo ardhi imeshuka ghafla kama ngazi, kisha chini yake ikavimba kama tumbo; hilo ni poromoko la zamani, hata kama nyasi zimeota na ng'ombe wanalisha juu yake. Angalia miti: shina likiwa limepinda karibu na ardhi kisha likanyooka kwenda juu, udongo umekuwa ukisogea polepole na mti umekuwa ukijirekebisha mwaka hadi mwaka. Nguzo za umeme zikilalia upande mmoja, au mstari wa uzio uliokuwa umenyooka ukawa na kitumbo, maana yake ni hiyohiyo. Matete na magimbi yanayositawi katikati ya mteremko wakati wa kiangazi yanakuambia kwamba kuna maji yasiyoonekana. Mwishowe wasikilize wazee wa mtaa, si kuhusu bei, bali kuhusu mvua kubwa wanazozikumbuka: kijito kilipita wapi, nani alihama, kwa nini eneo lile halijawahi kujengwa wakati majirani wote wamejenga.

Kupima mteremko ni kazi ya dakika chache. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, weka ncha moja ardhini upande wa juu, uulaze sawasawa kwa pima maji, kisha pima kutoka ncha ya pili hadi ardhini. Ukipata sentimita 54, mteremko ni kama nyuzi 15. Ukipata sentimita 115, ni kama nyuzi 30. Mimi chini ya nyuzi 15 ninaendelea na uchunguzi wa kawaida, juu ya hapo ninamwambia mwenye mali amtafute mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kulipa, na nikifika nyuzi 30 ninamshauri aachane nacho. Hicho ni kipimo changu cha kazi wala hakitoshi peke yake, kwa sababu nimeona miteremko mikali ya mwamba iliyotulia na miteremko ya kawaida ya udongo wenye maji iliyotembea.

Baada ya hapo chimba shimo la majaribio, angalau mita 2, na ulichimbe kando ya mahali msingi utakapopita ili usije ukajenga juu ya ardhi uliyoivuruga mwenyewe. Mtu asiingie katika shimo linalozidi mita 1.2 bila mbao za kushikilia kuta zake. Nimewahi kusaidia kumfukua kijana aliyefunikwa mpaka kifuani, na udongo uliomfunika haukuzidi toroli chache. Kama barabara iliyo karibu imechonga mlima, kingo zake ni shimo la majaribio ambalo umeshachimbiwa bure: zitazame kwa makini.

Ndani ya shimo ninatafuta mambo manne, na la kwanza ndilo ninalolipa uzito mkubwa. Ni rangi. Udongo mwekundu usiobadilika huwa unapitisha hewa na maji, lakini ukikutana na tabaka lenye madoa ya kijivu yaliyochanganyika na ya kutu, hapo maji hukaa kwa miezi, hata kama leo ni pakavu kabisa. Tabaka hilo likiwa juu kidogo ya mwamba au mfinyanzi mgumu, umeliona tayari pale poromoko litakapotelezea. Jambo la pili ni mwelekeo wa matabaka. Sehemu nyingi za Uluguru mwamba umeoza mahali ulipo, unavunjika kwa mkono, unametameta, lakini bado umehifadhi mistari ya mwamba wa asili. Mistari ikilalia kuelekea bondeni, kila uso wake ni kitelezi, na ikilalia kuelekea ndani ya mlima, una nafuu kubwa. La tatu ni kama udongo ule ni wa asili au ni kifusi: vipande vya plastiki, mkaa, tofali au majani yaliyozikwa ni ushahidi kwamba mtu alijaza. La nne ni udongo wenyewe. Uloweshe, uufinyange, uusokote uwe kamba yenye unene wa milimita 3. Ukikatikakatika mapema una mchanga mwingi. Ukisokoteka vizuri bila kukatika una mfinyanzi. Unaweza pia kuutia kwenye chupa hadi theluthi, ujaze maji, utikise na kuiacha: mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, chembe laini za tope (silti) hutua kwa saa kadhaa, na mfinyanzi unaweza kuyachafua maji mpaka kesho yake.

Sasa ninakuja kwenye sehemu ambayo watu wengi hawaifikirii, nayo ni maji tunayoyaleta sisi wenyewe. Bati la mita za mraba 150, mvua ikinyesha milimita 50, hukusanya lita 7,500, yaani zaidi ya mapipa 37, na maji hayo yote hudondoka kwenye mstari mwembamba kandokando ya msingi. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, humwaga karibu lita 175,000 kwa mwaka katika shimo la maji taka. Shimo hilo kwa kawaida huchimbwa wapi? Nyuma ya nyumba, na kwa kiwanja cha mlimani nyuma mara nyingi ni juu. Mlima uliokuwa ukipokea mvua ya msimu mmoja sasa unanyweshwa kila siku, masika na kiangazi. Kwa dada yangu shimo lilikuwa mita 6 juu ya nyumba, na tulipochimba chini yake tulikuta udongo umelowa mwezi wa Septemba.

Mchangiaji wa Lushoto

Ndugu mleta uzi, ninashukuru kwa maelezo. Huku kwetu Usambara karibu kila nyumba iko mteremkoni, na mafundi wanatuambia kwamba dawa ni kuchimba msingi wa kina kirefu na kuweka nondo nyingi ili nyumba iung'ang'anie mlima. Je, ushauri huo ni sahihi?

Mleta uzi

Mkuu, ni sahihi kwa tatizo moja na si sahihi kwa lingine, na wengi wanayachanganya. Kama tatizo ni tabaka laini la juu lisiloweza kubeba nyumba, msingi unaopita tabaka hilo ukakaa kwenye udongo mgumu ni dawa nzuri, na mkanda wa nondo husaidia nyumba isipasuke ardhi inaposhuka kidogo. Lakini kama mlima wenyewe unasogea, fanya hesabu hii. Kipande cha udongo chenye urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kina cha mita 3 ni mita za ujazo 900, na kikiloa kina uzito wa takribani tani 1,700. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu haifiki hata robo ya uzito huo. Kipande kikiondoka, kinaondoka na msingi na nondo zake zote.

Hali ni hiyohiyo kwa kuta za kuzuia udongo, ambazo ninaona zinajengwa kwa mawe na kupigwa lipu safi bila tundu hata moja. Ukuta wenye kimo cha mita 2 unaozuia udongo mkavu wa kichanga husukumwa kwa nguvu ya kama tani 1 na robo kwa kila mita ya urefu wake. Maji yakijaa nyuma yake nguvu hiyo huzidi tani 2 na nusu. Ni ukuta uleule na udongo uleule, kilichoongezeka ni maji tu. Ndiyo maana nyuma ya ukuta inatakiwa kokoto, na ndani yake matundu ya kutolea maji, na matundu hayo yazibuliwe kila mwaka kabla ya masika.

Ninyi wa Lushoto mna urithi wa matuta ya kilimo ambao tunaweza kuufuata katika ujenzi. Badala ya kuchonga uwanja mmoja mpana, chonga ngazi mbili ndogo, sebule juu na vyumba chini, na kila chumba kikae kwenye ardhi iliyochongwa. Kama ni lazima kujaza, kwanza ukate vidato kwenye ardhi ya asili, kisha ujaze kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya kuweka jingine.

Mchangiaji wa Mbeya

Mimi ninaishi Mbeya, na ninaomba kuongeza jambo moja. Aprili 2024 tope kutoka Mlima Kawetele lilishuka na kuzifunika nyumba katika kata ya Itezi. Baadhi ya wenye nyumba hawakuwa wamejenga mlimani kwa macho ya kawaida. Viwanja vyao vilikuwa karibu tambarare. Je, mtu wa chini naye anatakiwa kufanya uchunguzi wote huu?

Mleta uzi

Anatakiwa, tena pengine kuliko wa juu. Tarehe 3 Desemba 2023 wakazi wa Katesh na vijiji vya jirani, chini ya Mlima Hanang, walifikiwa na tope, mawe na magogo yaliyofuata mikondo ya mito kutoka mlimani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba haukuwa mlipuko wa volkano: sehemu ya mlima ilinyonya maji ikameguka. Wengi wa waliofikwa walikuwa kwenye ardhi ya kawaida kabisa, penye maduka na soko. Poromoko likishaingia kwenye korongo linakuwa mto mzito wenye uwezo wa kubeba mawe makubwa, na halisimami mpaka lifike mahali penye nafasi ya kutawanyika. Mahali hapo ndipo tunapopapenda kwa kujenga, kwa sababu pana umbo zuri lililo wazi kama upepeo wa kujipepea, na udongo wenye rutuba.

Kwa hiyo wewe wa chini fuata korongo lililo karibu nawe uone linakotoka. Kisha chimba shimo. Ukikuta mawe ya ukubwa tofauti, mengine kama kichwa cha mtu na mengine kama meza, yamezama ovyo ndani ya udongo laini bila kupangika kwa matabaka, basi tope lilishawahi kufika hapo. Mto wa kawaida hupanga mchanga na kokoto kwa ukubwa, tope halipangi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini kwenye mdomo wa korongo la mlimani mita hizo zinaweza zisitoshe, na ninakushauri uzichukulie kuwa ndicho kiwango cha chini kabisa.

Mchangiaji wa Kibaha

Kwetu Kibaha hakuna mlima, lakini nyumba zinapasuka. Kiangazi mtu anaweza kuingiza vidole kwenye nyufa za ardhi uani.

Mleta uzi

Huo ni ugonjwa mwingine, ndugu yangu, ingawa chanzo ni kilekile, maji. Mfinyanzi wa aina hiyo huvimba unapokunywa maji na kusinyaa unapokauka, na nyumba hupandishwa na kushushwa kila mwaka bila usawa, pembe zikiathirika kuliko katikati. Msingi ushuke kupita kina ambacho unyevu hubadilika na msimu, miti mikubwa isipandwe karibu na kuta, na maji ya bati yapelekwe mbali. Kwenye ardhi ya namna hiyo ningepeleka sampuli maabara hata kwa nyumba ndogo, kwa sababu jicho na mkono haviwezi kukuambia itavimba kiasi gani.

Mchangiaji wa Bigwa

Mwanangu, mimi ni mama mstaafu na nilishajenga, miaka tisa sasa, mlimani na nusu ya nyumba iko kwenye kifusi kama ulivyoeleza. Nyufa zipo. Sina uwezo wa kuhama. Nifanye nini?

Mleta uzi

Shikamoo mama. Anza na penseli. Kila ufa, weka alama mwisho wake wa juu na wa chini, andika tarehe, na pima upana wake kwa rula kila mwisho wa mwezi. Ufa usiobadilika kwa mwaka mzima ni kovu la zamani na unaweza kuzibwa. Ufa unaofunguka wakati wa masika unasema ardhi bado inasogea, na hapo mwite mhandisi, ukimwonyesha daftari lako, maana litamwokolea muda mwingi.

Wakati huohuo ondoa maji, mama, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yenye gharama ndogo na matokeo makubwa. Weka gata kwenye bati zote na bomba linalofika hadi mtaro wa umma au korongo lenye mawe. Chimba mtaro juu ya nyumba, ukate maji ya mlimani kabla hayajafika kwako, nao usakafiwe, kwa sababu mtaro wa udongo wenye nyufa unayaingiza maji ndani ya mlima badala ya kuyaondoa. Shimo la maji taka likiwa juu ya nyumba lihamishwe kando, mbali na kifusi. Kagua pia bomba la maji safi: funga mabomba yote usiku, soma mita, na asubuhi uisome tena kabla mtu hajatumia maji; ikiwa imesogea, bomba linavuja mahali.

Kuna dalili ambazo hazingoji daftari. Ukiona ufa mpya wa ardhi juu ya nyumba, chemchemi iliyokuwa safi ikatoa maji ya tope, milango kadhaa ikakwama ndani ya siku moja, au kijito kikapungua maji ghafla huku mvua inanyesha, toka na watu wote saa hiyohiyo, mwelekee pembeni mwa mteremko, msifuate bonde.

Kwa dada yangu tulihamisha shimo, tukasakafia mtaro wa mita 22 juu ya nyumba, na vile vyumba viwili tukavivunja, kwa kuwa kifusi chake hakikuweza kushindiliwa upya kikiwa chini ya jamvi. Alama za penseli kwenye ukuta wa sebule zina miaka minne sasa, na tarehe ya mwisho ufa kusogea ni ya Aprili ya mwaka wa kwanza.